Tulivyolitafuta Gari la Moshi Ngome Kongwe

Tangu nirudi, sijamaliza gauni hata moja bila mtu kuvuta kigoda barazani kwangu na kuniuliza, "Mama Rukia, hebu tueleze, ilikuwaje huko Unguja na mkweo?" Nimeeleza vipande vipande, kila mtu ameondoka na kipande chake, na sasa habari zangu zinanirudia zikiwa zimeota mikia. Kuna anayesema mzee alizama baharini. Hakuzama. Basi nayaandika yote, tangu Tabora mpaka Tabora.

Mkwe wangu ni Mzee Feruzi, aliyeendesha gari la moshi hadi alipostaafu. Baba yake naye, kabla ya kurudi Tabora, alikuwa mchochea moto wa gari la moshi kisiwani Unguja. Aliwasimulia wanawe kwamba gari lile lilikuwa likilala ndani ya ngome ya mawe karibu na bahari, likiamka linapita mjini katikati ya nyumba za watu, hadi kijiji cha Bububu. Watu walimcheka. Treni kisiwani? Tena ndani ya ngome? Alikufa akiwa anachekwa, na utani ukamshukia mwanawe. Hata wenzake wa reli walikuwa wakimwita Mzee Feruzi "Ngome". Ndiyo maana alipostaafu alisema kitu kimoja tu anachokitaka: kwenda kuiona.

Aliyekuwa aende naye ni mume wangu, Hamisi. Homa ya malaria ikamwangusha siku moja kabla ya safari, na mzee akasema yeye ameshasubiri vya kutosha. Hakukuwa na mtu mwingine ila mimi. Sasa hapo ndipo penye kazi, maana katika ukoo wa mume wangu mke wa mwana hamsogelei baba mkwe. Tangu niolewe nilikuwa sijamtazama usoni, sijampa kitu mkono kwa mkono, wala sijazungumza naye bila mtu wa tatu. Chai yake naiweka mezani, narudi nyuma, ndipo yeye anaichukua. Na mimi huyo ndiye niliyepanda naye treni.

Tabora hadi Dar es Salaam

Tulikaa daraja la tatu, mzee dirishani, mimi ukingoni, na katikati yetu Mungu akatuletea mama mmoja wa Kigoma aliyekuwa akipeleka mawese Dar. Madumu yake yalijaa chini ya kiti hadi miguu ikakosa pa kukaa, lakini bila yeye tungefika Dar hatujasema neno.

"Mama," nikamwambia, "naomba umwambie mzee chai ipo kwenye chupa."

Akanitazama, akamtazama na mzee. "Mzee, chai ipo kwenye chupa."

"Mwambie ahsante, nitakunywa tukifika Itigi."

"Anasema ahsante, atakunywa Itigi." Kisha akatugeukia wote. "Kwani nyinyi mmegombana?"

"Ni mkwe wangu."

"Aa," akasema, na tangu hapo akaifanya kazi ile kwa bidii, tena akiongeza na ya kwake. Mzee akiuliza kama nimekula, yeye ananiambia, "Mzee anasema ule, umekonda."

Kabla hatujafika Itigi tukasimama porini. Behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele, na hakuna aliyejua tutaondoka lini. Watu wakashuka, wakakoka moto kando ya njia. Wanakijiji wakatokea na kuku wa kuchoma na asali kwenye chupa za soda. Abiria walinung'unika sana, ila mkwe wangu alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Alikwenda mbele kwenye injini kuzungumza na dereva, akarudi kanzu yake ina grisi. Tulilala pale pale. Kesho yake mama wa Kigoma akatupikia wali kwa mawese yake, na tulipokuwa tunakula mzee akasema, "Mwambie mkwe wangu gari la moshi haliharakishwi kama cherehani."

Nilicheka nikijiziba kwa khanga. Ulikuwa mzaha wa kwanza alionifanyia tangu niingie katika nyumba yao.

Baharini

Dar tukaagana na yule mama, nami nusura nimwombe avuke na sisi. Ndani ya boti tulibaki wawili. Nikaweka kapu letu kati yetu, likawa ndilo mtu wa tatu.

Mimi bahari ilinipendeza tangu mwanzo. Maji yalikuwa yakibadilika rangi kila nikitazama, na samaki wadogo walikuwa wakiruka kama waliotupwa na mtu. Lakini mzee, aliyezoea chuma chini ya miguu, sakafu inayoyumba ilimshinda. Alitapika hata asiweze kukaa sawa. Niliuweka mfuko juu ya kapu, naye akauchukua. Niliweka maji, akachukua maji. Abiria mmoja akatushangaa, akauliza kama tuna ugonjwa wa kuambukiza.

Halafu mji ukatokea. Nyumba nyeupe zimepangana ufukweni, jumba la Beit el Ajaib lenye mnara wa saa, na ubavuni pake ukuta mnene, wa rangi ya kahawia, wenye meno juu. Mzee akasimama na ugonjwa wake, akashika chuma cha boti kwa mikono miwili.

"Ile pale," akasema, hajasema na mtu. "Ile pale."

Karibu yake nilikuwa mimi peke yangu. "Ndiyo, Baba," nikamjibu.



Kutafuta stesheni

Pale bandarini akatujia hamali mmoja mwenye rikwama, mtu mzima wa makamo, mcheshi. Akamwamkia mzee shikamoo, akapakia mizigo, akauliza tunakwenda wapi. Mzee alikuwa bado na kizunguzungu, sauti inamtoka kwa shida. Akamwambia, "Nipeleke lilipokuwa gari la moshi."

"Gari ya moto? Yakhe, napajua. Twendeni."

Tukamfuata. Alikwenda mbio kweli kweli, akipiga kelele watu wapishe, mpaka mbele ya nyumba yenye milango mipana na magari mekundu ndani. Wanaume wa zimamoto wakaruka kutoka barazani walipomwona mzee anahema na kanzu yake ina weusi wa grisi.

"Mzee, moto uko wapi?" mmoja akauliza, tayari anavaa viatu.

"Ulizimwa zamani," mzee akajibu kwa huzuni, akidhani wanazungumza kitu kimoja.

Ilichukua muda kuelewana. Walipoelewa walicheka hadi wakakaa chini, lakini hawakututoa vivi hivi. Walituletea viti, chai ya tangawizi na boflo, maana ndivyo wanavyouita mkate, na mkubwa wao akatupa mtu wa kutupeleka nyumba ya wageni. Kuhusu treni, hakuna aliyewahi kuisikia.

Ngome Kongwe

Asubuhi nilimsikia anatembea ukumbini kabla hata ya adhana. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma yake hatua kadhaa. Vichochoro vinapinda, milango ya nakshi, harufu ya kahawa kila kona. Nilikuwa nasimama kutazama, kisha nakimbia kumfikia.

Ngome ni kubwa kuliko inavyoonekana baharini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kama chumba changu cha kushonea, na minara ya duara pembeni. Ndani pana majani mabichi, vibanda vya wauza vitu vya mkono, na ngazi za mawe zilizojengwa kwa duara mbele ya jukwaa. Siku ile mafundi walikuwa wanafunga taa, maana palikuwa na taarabu jioni ya kesho yake. Mzee akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.

Kisha akaanza kuuliza. Mmoja akamwambia hapa palikuwa na kanisa la Wareno. Mwingine akasema palikuwa na gereza, mwingine akasema wanawake wa mjini walikuwa wakija kucheza humu wasionekane na wanaume. Kila mtu alikuwa na habari nzuri, na hakuna hata mmoja mwenye treni. "Mzee, Zanzibar treni ipite wapi?" akaulizwa, na watu wakacheka bila ubaya. Nilimwona anakwenda kukaa kwenye ngazi za mawe, mabega yameshuka. Nikatamani mtu wa tatu atokee hata kutoka chini ya ardhi.

Akatokea. Alikuwa mwanamke wa mjini wa rika la mzee, ana asili ya Kiarabu, kavaa buibui, anauza kofia na mikoba ya ukili. Wote wakimwita Bi Salma.

"Mzee, nani kakwambia habari ya gari ya moshi?" akauliza.

"Baba yangu, Bi mkubwa. Alikuwa akichochea moto."

"Akichochea moto. Hapa hapa?"

"Ndivyo alivyosema."

Bi Salma akaiweka chini kofia aliyokuwa akiishona. "Basi babako ndiye aliyeiunguza pazia ya bibi yangu," akasema. "Mie nimekua naisikia pazia ile. Kuni zikitiwa, cheche zinaruka, zinaingia madirishani. Mama yangu yuko hai, alikuwa mtoto, aliona kwa macho yake. Kesho mtakula kwetu, na mambo haya mtayamaliza."

Mzee alisimama kama aliyeitwa na mkubwa wa kazi. Akasema amesikia.

Njaa ilimrudia palepale. Nje, mbele ya bahari, akaagiza uji. Muuzaji akasikia urojo, akamletea bakuli lenye supu ya njano, bajia, kachori, viazi, ndimu na pilipili. Mzee akaonja, machozi yakamtoka. Kisha akaliambia kapu, "Uji wa huku ni mkali," na akaagiza bakuli la pili.

Kwa Bi Aziza

Nyumba yao iko mtaa wa Malindi, mle mle mjini, ghorofani, ngazi zake zimesimama kama ukuta. Bi Aziza, mama yake Bi Salma, alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, mdogo kama mtoto, lakini sauti yake inafika jikoni. Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa nguru, na achari ya embe iliyonifanya niombe tena bila haya. Hakuna aliyetaja treni mpaka mikono iliponawishwa.

"Nani hapa wa gari ya moshi?" Bi Aziza akauliza.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Likilala Ngomeni," akasema, bila kuulizwa. "Alfajiri linapiga filimbi, mama anatuma watu waanue nguo. Sisi watoto wa kike haturuhusiwi nje, tunachungulia pale." Akaonyesha dirisha. "Linapita chini yetu hapo, nyumba nzima inatikisika. Siku moja cheche ikaingia, pazia ikashika moto. Pazia ya hariri."

Mzee alikuwa amevua kofia. "Mama, hebu niambie tena. Lilikuwa likilala wapi?"

"Ngomeni, mwanangu. Lilale wapi tena?"

Akamwomba arudie mara ya tatu, na Bi Aziza akarudia, wala hakuonyesha kuchoka. Mzee akamuuliza kama anamkumbuka mchochea moto mmoja mrefu, mweusi, mwenye pengo. Yule bibi akafikiri kwa muda.

"Nisikudanganye," akasema. "Sisi tulikuwa tukitazama moto. Watu hatukuwatazama."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akasimama katikati ya chumba, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza mbele ya hadhara, "Mimi Feruzi, kwa niaba ya marehemu baba yangu, naomba radhi kwa pazia lile."

"Mie nshasamehe," Bi Aziza akasema. "Mamangu hakusamehe, kafa na hasira yake. Lakini nnakupa na ya kwake."

Bi Salma alikuwa anacheka na kulia. Mimi niligeukia dirishani, nikaona kichochoro chembamba kule chini, na kwa mara ya kwanza nikaamini mwenyewe. Maana nikiri tu, hata mimi nilikuwa nikidhani marehemu alitunga.

Mangapwani

Mchana ule ule binamu yake Bi Salma, Bwana Khatibu, akatuchukua kwa gari lake kwenda kaskazini. Njiani Bububu alisimama akatuonyesha tuta la udongo chini ya minazi. Wazee wake walimwambia reli ilipita hapo. Mzee akavua viatu akatembea juu yake, mikono nyuma, kama anakagua. Alitembea mbali. Hatukumharakisha.

Mangapwani kuna chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, kwenye mwamba, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara ile kukatazwa. Tulishuka, tukatoka. Furaha yote niliyokuwa nayo tangu asubuhi ilibaki mle chini. Mzee akasema, hakulitazama kapu safari hii, "Bibi yangu aliletwa kutoka Manyema kwa miguu. Akaugua, wakamwacha Tabora. Ugonjwa ule ndio uliotuweka Tabora."

Mbele kidogo kuna pango la matumbawe lenye maji matamu ndani, nalo ni zuri hasa. Khatibu akasema, "Nendeni nyinyi, mie nnakwenda kuswali, nshachelewa." Tukashuka ngazi za mawe, popo wanalia juu yetu, mwanga unaingia kwenye tundu na kupiga maji yakawa kijani. Mzee akataka kunawa uso. Jiwe lilikuwa na utelezi. Nilisikia kishindo, kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mguu wake ulikuwa umepinda kati ya mawe mawili, mwili nusu majini.

"Mama Rukia," akasema, kajigeuza pembeni hata katika maumivu, "kamwite Khatibu."

Nikapanda mbio. Gari lipo, Khatibu hayupo, wala hakuna mtu mwingine karibu. Niliita mpaka koo likauma. Nikarudi chini. Alikuwa ameutoa mguu, anatetemeka kwa baridi, kifundo kimeshavimba.

"Hakuna mtu, Baba. Panda mgongoni kwangu."

"Haiwezekani."

"Basi nami nitakaa hapa."

Nikakaa kweli, juu ya jiwe, nimempa mgongo. Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani nyuma yetu. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, "Utaweza?"

"Nabeba magunia ya pamba."

Mikono yake ikanizunguka shingoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo lilinitia uchungu. Nikaanza kupanda. Ngazi za chini nilihema, nasikia pumzi zake sikioni na sote tunaona haya. Halafu akaanza kusema.

"Polepole. Kulia pana jiwe. Hapo sawa. Sasa mlima, ongeza moto."

Nilicheka, nusura nimwangushe.

"Usicheke mlimani, utapoteza mvuke," akasema, na nikamsikia mwenyewe anatikisika kwa kicheko mgongoni kwangu. Tulitoka juani tukiwa tumelowa, tunacheka kama wendawazimu. Khatibu alikuwa anakuja kutoka msikitini. "Subhanallah," akasema, akasahau hata kufungua mlango wa gari.

Mama mmoja wa kijiji alimkanda mzee mguu kwa mafuta ya nazi ya moto, akaufunga kwa kipande cha khanga. Hapakuwa na mfupa uliovunjika.

Ngomeni, taarabu

Nilidhani atalala. Jioni ile ile alitaka kanzu safi.

Bi Salma alitushikia nafasi mbele. Kuta zile zilikuwa zimewashwa taa, fidla zinalia, kanuni inajibu kwa nyuzi zake, na mwimbaji, mwanamke mnene mwenye sauti laini, anawafanya wanawake wa mjini wainuke mmoja mmoja kwenda kumtunza fedha mkononi, wakitembea kwa madaha, manukato yao yanabaki nyuma. Mikono yangu ilikuwa ikipiga makofi bila kuulizwa.

"Mama Rukia," mzee akaniambia katikati ya wimbo. Hakukuwa na kapu wala mtu kati yetu. "Nataka kumtunza yule. Nipe mkono."

Nikampa. Tukapita mbele ya watu wote, yeye akirukaruka kwa mguu mmoja, na alipofika jukwaani akacheza palepale kwa mabega tu. Bi Salma akapiga vigelegele. Mzee akanigeukia anacheka, nami nikamtazama usoni, wazi, kwa mara ya kwanza. Ana alama nyeusi ndogo chini ya jicho la kushoto. Mwanangu Rukia anayo vile vile, mahali pale pale. Miaka yote nilikuwa nikijiuliza ameitoa wapi.

Kurudi

Kurudi bahari ilikuwa tulivu, na treni haikusimama porini, mzee akasikitika kidogo. Alinipa kiti cha dirishani. Kila stesheni aliitaja kabla haijaonekana, na kila moja ilikuwa na kisa chake, sikulala hata kidogo.

Tabora walitungoja wengi. Hamisi amepona, amekonda, na mbele ya wote alisimama Shangazi Mwamvita, dada mkubwa wa mzee, ambaye kwa mambo ya mila hana mchezo. Mzee akashuka kwenye behewa ameniegemea, mkono wake begani kwangu.

"Feruzi," shangazi akasema, "mkono wako uko wapi?"

"Begani kwa Mama Rukia."

"Nauona."

"Basi kama unauona, dada, chukua hilo kapu. Lina halua, na jua ni kali."

Shangazi alitutazama, mimi kisha yeye, kisha ule mguu uliofungwa khanga. Akainama, akachukua kapu.